Shamba la pande nne zisizo sawa: usilipe kabla ya kupima kona hadi kona

Ndugu uliyeuliza kuhusu shamba la Masaka, Uganda: umetaja pande za mita 60, 80, 70 na 50 kwa mzunguko, muuzaji anasema ni ekari moja na kidogo, nawe unataka kupanda kahawa na kuchimba bwawa la kumwagilia. Umeshauriwa uchukue wastani wa pande zinazotazamana kisha uzidishe. 60 na 70 wastani ni 65, 80 na 50 wastani ni 65, na 65 × 65 ni mita za mraba 4,225. Ekari ni 4,047, kwa hiyo muuzaji anaonekana mkweli. Usilipe bado.

Pande nne peke yake hazisemi ukubwa wa shamba. Funga vijiti vinne kwenye kona kwa kamba, uvisukume upande: urefu wa vijiti ni ule ule, nafasi ya katikati inapungua. Unahitaji kipimo cha tano, kutoka kona moja hadi ya mkabala, kinachokata shamba kuwa pembetatu mbili. Pembetatu ukishajua pande zake tatu, eneo lake halina ubishi.

Tuseme kona hadi kona ni mita 110. Pembetatu ya kwanza ina 60, 80 na 110. Jumlisha, gawa kwa 2, unapata 125. Toa kila upande kwenye 125: zinabaki 65, 45 na 15. Zidisha 125 × 65 × 45 × 15, upate 5,484,375, kisha tafuta kipeuo cha pili kwa simu: 2,342. Pembetatu ya pili ina 70, 50 na 110. Nusu ya jumla ni 115, na 115 × 45 × 65 × 5 ni 1,681,875, kipeuo chake 1,297. Jumla mita za mraba 3,639, yaani desimali 90 (desimali 100 ni ekari moja). Wastani ulikuonyesha desimali 104. Hizo 14 zinazokosekana ni zaidi ya ploti nzima ya futi 50 kwa 100, ambayo ni desimali 11 na nusu. Lakini kama kona hadi kona ingekuwa mita 90, pande zile zile zingetoa 4,094, ekari kamili. Ndiyo maana nasisitiza kipimo cha tano. Tena njia ya wastani haikosei kwa kupunguza hata siku moja. Kama kona si za mraba, inazidisha tu, na anayeumia ni mnunuzi.

Tumia tepu, si kamba ya nailoni, kwa sababu nailoni inavutika. Kwenye mteremko, kama milima ya Bugisu au Kigezi huko Uganda, tepu ishikwe mlalo, sawa na maji yaliyotulia, vipande vya mita 5, na timazi (uzito uliofungwa kwenye uzi) ikishusha alama chini. Ukiilaza tepu juu ya udongo, mteremko wa nyuzi 20 unakuongezea mita 6 katika kila 100. Mpaka uliopinda ukate kwa pembetatu nyingi zaidi.

Sasa miche. Kahawa ya robusta kwa futi 10 kwa 10, karibu mita 3 kwa 3, kila mche unachukua mita za mraba 9. 3,639 ÷ 9 ni 404. Kwa hesabu ya wastani ungenunua 469. Miche 65 ingebaki kwenye viriba ikikosa mahali.

Mashimo ya sentimita 60 kila upande ni lita 216 kila moja, ila wachimbaji wengi huyaacha yakiwa bakuli. Shimo lenye mdomo wa 60 na sakafu ya 40 lina lita 152 tu, karibu theluthi moja imepotea, na mizizi inakutana na udongo mgumu mapema. Kata kijiti cha sentimita 60 na ukilaze kwenye sakafu ya shimo. Kisipolala, halijaisha.

Samadi debe moja la lita 20 kwa shimo ni lita 8,080, yaani mita za ujazo 8. Muuzaji wa samadi anahesabu tripu, wewe pima bodi ya gari: mita 3 × 1.7 × 0.5 ni 2.55, kwa hiyo tripu tatu na kidogo. Pima kimo cha samadi baada ya gari kufika kwako, kwa sababu njiani inashuka.

Kwenye dawa, soma kama chupa inasema kwa hekta au kwa ekari. Hekta ni ekari 2.47, ukichanganya, unachoma mimea au unatupa pesa. Pulizia kwanza maji matupu kwenye mita 10 kwa 10 kwa mwendo wako wa kawaida. Yakitumika lita 4, shamba lako la 3,639 linahitaji lita 146, yaani pampu 9 za lita 16. Gawa dawa ya shamba lote kwa 9.

Bwawa ndilo linalogombanisha watu na wachimbaji. Mdomo mita 20 kwa 10, kina 2, kuta zikilala mita 1 kwa kila mita 1 ya kina: sakafu inakuwa 16 kwa 6, katikati 18 kwa 8. Maeneo ni 200, 96 na 144. Chukua la juu, ongeza la katikati mara 4, ongeza la chini: 872. Zidisha kwa kina, gawa kwa 6: mita za ujazo 291. Ukilipa kwa 20 × 10 × 2 unalipia 400. Usikubali pia kulipa kwa lundo la udongo uliotoka, kwani udongo uliochimbuliwa huvimba. Lipa kwa tundu, ukilipima kabla maji hayajaingia. Ukiweka plastiki ya kuzuia maji, pima kwa kufuata ukuta: kila ukuta ni mita 2.83, kwa hiyo urefu ni 16 na kuta mbili, 21.7, na upana 11.7. Ongeza nusu mita kila upande ya kufukia ukingoni, uagize mita 22.7 kwa 12.7.