Jirani anapiga risasi uani kila wikendi, nifanyeje?

SWALI: Dada habari za kazi. Sisi ni Wakongo, tulikaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, miaka mingi afu tukaletwa Houston, mwaka jana tukanunua kiwanja huku nje ya mji sababu ya bei na tulitaka watoto wapate pa kukimbia. Tatizo jirani. Kila Jumamosi jioni anakaa na wenzake uani, wanakunywa bia na kulenga makopo kwa bunduki, na juzi tumekuta tundu kwenye ukuta wa banda letu, upande wa kwake kabisa. Mama watoto hataki tena watoto watoke nje. Kanisani wananiambia hapa Texas mtu kwenye ardhi yake anafanya anachotaka. Ni kweli? Na je niende nikaongee nae kiume?
Baba Watoto, Texas

JIBU: Pole sana Baba Watoto. Nianze na hilo la mwisho manake ndo la haraka: usiende. Najua tumezoea ugomvi wa majirani unaisha kwa kukaa chini, na mchana akiwa mzima hana bia wala bunduki mkononi labda, ila Jumamosi usiku wakati anapiga, hapana. Aprili 2023 karibu na Cleveland, hapo hapo Texas kaskazini ya Houston, familia ya watu wa Honduras walimuomba jirani aache kupiga risasi uani sababu mtoto mchanga halali, jamaa akaja kwao na bunduki akaua watu 5, mmoja mtoto mdogo, afu akatokomea ikachukua siku kadhaa kumkamata.

Sasa hao wa kanisani wamekupa nusu ya habari. Ni kweli nje ya mipaka ya miji, kwa kawaida kupiga shabaha tu kwenye ardhi yako sio kosa, na kelele tupu hazitakufikisha mbali. Lakini ruhusa yake inaishia kwenye fensi. Texas ina sheria kabisa kwamba mtu anaewinda au anaepiga risasi kwa kujifurahisha, risasi yake ikivuka mpaka ikaingia kwa mwingine bila ruhusa ya maandishi, ni kosa. Juu ya hiyo kuna kosa la kuhatarisha maisha: kufyatua kuelekea nyumba au jengo bila kujali kama kuna mtu ndani, hilo ni jinai nzito, kifungo miaka 2 mpaka 10. Kwa hiyo acha kulalamikia kelele, kesi yako ni lile tundu. Usilizibe, usichokonoe risasi kwa kisu, piga picha karibu na mbali mpaka ionekane nyumba ya jirani, afu piga simu ofisi ya sherifu (ndo polisi wa kaunti) waje waandike ripoti, na namba ya ripoti uitunze. Risasi zikiwa zinapita muda huo huo ni 911, namba ya dharura, moja kwa moja, lala chini na watoto, mkalimani wa Kiswahili unaweza kuomba kwenye simu.

Kuna na kitu cha kaunti. Sheria ya jimbo inawaruhusu makamishna wa kaunti, yaani baraza linaloiongoza, kupiga marufuku kufyatua silaha kwenye viwanja vya ekari 10 kushuka chini, kama viko nje ya mji na ndani ya eneo lililogawanywa viwanja. Inawaruhusu tu, haiwalazimishi, so uliza kama kaunti yako imeshatoa amri hiyo. Ikiwepo, mtu anatozwa faini mpaka dola 500, akirudia inapanda, na wewe mwenyewe unaweza kwenda mahakamani kuomba azuiwe. Isipokuwepo, kusanya majirani wengine mwende kwenye kikao cha makamishna, ni cha wazi.

Mi hizo ekari 10 naona kama utani. Kiwanja cha mraba cha ekari 10 kina kama mita 200 kila upande, wakati hata kirisasi kidogo cha bunduki ya .22 kinaweza kuruka zaidi ya kilomita 2! Cha kumuokoa mtu hapo ni tuta refu la udongo nyuma ya shabaha, na ndo kitu cha kumuomba jirani siku akiwa mtulivu, au mwombe sherifu amwambie, anaweza akakubali kuliko ukimwambia aache kabisa.

Na usije ukanunua bunduki yako ya kumjibu. Kama bado hujapata uraia, kosa la silaha linaweza kukufukuzisha nchini hata ukiwa na grinikadi (kadi ya ukaazi wa kudumu).

Halafu toa ile hati ya kiwanja, usome masharti yaliyoambatanishwa nyuma, wengi tunasaini bila kuyasoma. Viwanja vingi vya kugawanywa vinakatazia kupiga risasi kwenye masharti hayo, na jirani kama yuko eneo hilo hilo huenda yanambana na yeye.