Gari linachemsha kwenye foleni tu: anza na feni

Ndugu yangu, umesema Toyota IST yako inachemsha kwenye foleni ya Mbagala, lakini ukishika mwendo kuelekea Mkuranga mshale wa joto unashuka. Hiyo tofauti ndiyo jibu lenyewe. Gari likikimbia, upepo unapoza rejeta, yaani kifaa cha kupozea maji ya injini. Likisimama, linategemea feni. Ningeanza hapo kabla ya kununua rejeta kama fundi wako anavyotaka.

Washa injini, washa AC, fungua boneti. Feni isipozunguka, kagua fyuzi na relei (swichi ya umeme inayowasha feni), kisha mwambie fundi umeme aipe mota umeme wa moja kwa moja kutoka kwenye betri. Ikizunguka vizuri, mota ni nzima, tatizo liko kwenye relei, waya au sensa ya joto. Ikizunguka kivivu, hiyo mota imechoka. Angalia pia katikati ya kondensa ya AC (ile iliyo mbele ya rejeta) na rejeta yenyewe, maana vumbi na nyasi hujazana pale pasipoonekana.

Tafadhali usikubali watoe themostati, ile vali inayofungulia maji kwenda kwenye rejeta injini ikipata moto. Mafundi wengi hufanya hivyo, injini inakaa baridi mno na kula mafuta, huku ugonjwa ukibaki.

Maji ya rejeta yakipungua bila kuvuja popote, au oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, shuku gasketi ya silinda hedi (ile inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini) na usiliendeshe gari tena. Weka kulanti (kimiminika maalum cha kupozea injini), si maji ya kisima yenye chumvi. Na mfuniko wa rejeta usiuguse injini ikiwa ya moto, utaungua vibaya.