Kabla ya kuhama chuo Marekani, hesabu krediti zako

Septemba 2023, siku ya mashindano ya kwanza ya mbio za nyika, wenzangu walipanda basi saa kumi na moja alfajiri. Mimi nilibaki mlangoni mwa bweni nimevaa jaketi ya timu niliyopewa wiki mbili kabla. Sikuwa na jeraha wala adhabu. Nilikuwa nimepungukiwa na krediti 5, yaani vile vipimo vya masomo unavyojikusanyia kila ukifaulu somo hadi utimize shahada.

Nawaandikia ninyi mnaojiandaa kutoka Iten, Kapsabet, Nyahururu, Mbulu au Arusha kwenda kukimbilia vyuo vya Marekani, na hasa wale ambao tayari mko huko na moyo umeanza kuwatuma mhame.

Nilifika Agosti 2021. Kocha aliyenichukua aliondoka baada ya mwaka mmoja, na aliyemrithi alitaka nikimbie mita 800 ilhali mimi ni mtu wa 5,000. Mwaka wa pili ulipoisha nikahama. Kila niliyemuuliza aliniambia, "Siku hizi ukihama unakimbia papo hapo." Walisema kweli, ila ilikuwa na nusu ya pili ambayo hakuna aliyeitaja.

Muelewe kwanza kanuni ya kuhama ilikotoka. Zamani katika Divisheni ya Kwanza, ngazi ya juu ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, mchezaji wa futiboli ya Kimarekani, mpira wa kikapu, besiboli au hoki ya barafu ya wanaume akihama alikaa nje mwaka mzima. Sisi wa riadha tulikuwa na nafuu: tuliweza kuhama mara moja tu bila kukaa, mradi chuo cha zamani kisipinge. Aprili 2021 nafuu hiyo ikapewa michezo yote. Aliyehama mara ya pili ndiye aliyebaki na mwaka wa kukaa, isipokuwa chuo chake kipya kimwombee msamaha, ule ambao wenyewe huuita weva.

Vuli ile niliyokaa nje, bweni zima lilikuwa likifuatilia habari za Tez Walker, mchezaji wa futiboli aliyehamia North Carolina kutoka Kent State. Kabla ya Kent State alikuwa North Carolina Central, chuo ambacho hakukichezea hata mechi moja kwa kuwa msimu wa 2020 ulifutwa kwa sababu ya korona. Hata hivyo alihesabiwa kuwa amehama zaidi ya mara moja, na weva yake ikakataliwa mwanzoni mwa Septemba. Mapema Oktoba NCAA ikageuza uamuzi, akacheza. Desemba hiyo hiyo jaji wa mahakama ya shirikisho huko West Virginia akaizuia NCAA kutekeleza kanuni ya kukaa nje, na RaeQuan Battle wa mpira wa kikapu, ambaye naye alikuwa amezuiwa kucheza, akaingia uwanjani siku chache baadaye. Aprili 2024 kanuni yenyewe ikabadilika: hama mara nyingi utakavyo, utashindana papo hapo, mradi uwe ulitoka chuo cha zamani ukiwa na sifa za kimasomo na bila kufungiwa kwa utovu wa nidhamu, na mradi chuo kipya kithibitishe kwamba umefikia kiwango cha maendeleo kuelekea shahada.

Hayo maneno ya mwisho, ambayo yalikuwapo hata kabla ya hapo, ndiyo yaliyonibakisha mlangoni, na hakuna mahakama iliyoyagusa. Leo bado yapo. Ndiyo maana naumia nikisikia kijana anaambiwa kwamba kuhama sasa ni huru kabisa.

Hesabu yake iko hivi. Ukianza mwaka wa tatu lazima uwe umekamilisha asilimia 40 ya shahada yako. Ukianza wa nne, 60. Ukianza wa tano, 80. Soma tena: ya shahada yako. Hawaangalii wingi wa masomo uliyofaulu maishani, wanaangalia yale yanayoingia katika shahada uliyochagua katika chuo ulichohamia. Shahada yangu mpya ilikuwa ya krediti 120, kwa hiyo nilihitaji 48. Nilitoka chuo cha kwanza na krediti 61. Chuo kipya kikapokea 57, nami nikampigia mama simu kwa furaha. Kumbe kupokewa ni jambo moja na kuhesabiwa ni jambo jingine. Nilikuwa nimesoma saikolojia, sasa naingia afya ya umma. Katika zile 57, zilizopata nafasi ndani ya shahada zilikuwa 43. Nyingine zikabaki kwenye rekodi tu, masomo ya hiari yaliyozidi idadi inayoruhusiwa.

Krediti 5 ni madarasa mawili ya kiangazi. Ningejua Mei, ningeyamaliza Julai. Nilijua wiki ya tatu ya Agosti, tayari nimeshatundika picha za nyumbani ukutani.

Chuo kiliniombea weva. Mwanafunzi haombi mwenyewe. Chuo ndicho kinachopeleka faili, wewe unatoa barua na vielelezo. Nikaandika kurasa tatu kuhusu kocha aliyeondoka, upweke, na jinsi nilivyolia. Kila neno lilikuwa la kweli. Ikakataliwa. Ofisa wa kanuni za michezo aliniketisha akanieleza kwa upole kwamba swali lilikuwa moja tu: ni kitu gani kilichokuzuia kufikia asilimia 40? Ugonjwa wenye barua ya daktari, msiba wenye cheti, mshauri wa masomo aliyekuelekeza vibaya kwa barua pepe ambayo bado unayo. Hivyo vinajibu swali. Barua yangu ilijibu swali jingine, la kwa nini nilihama, na hilo hakuna aliyeliuliza. Tangu hapo namsihi kila mwanariadha atunze barua pepe zote za mshauri wake, na mihtasari ya kila somo alilosoma, maana muhtasari ndio unaomwonyesha mkuu wa idara ya chuo kipya kwamba takwimu uliyosoma kule ni takwimu ile ile ya huku.

Kocha anayekutaka hatakwambia haya. Simlaumu, kazi yake ni saa ya mkononi na ratiba ya mazoezi. Muulize mtu anayehusika na masomo ya wanariadha, kwa maandishi, kabla hujasema ndiyo: "Katika krediti zangu, ngapi zitahesabiwa ndani ya shahada hii, na siku ya kwanza ya muhula nitakuwa na asilimia ngapi?" Akikujibu kwamba zitapokewa karibu zote, hajakujibu. Rudia swali.

Wale mnaopitia vyuo vya miaka miwili, kama South Plains kule Levelland, Texas, ambako Wakenya wengi wameanzia, mna mizani yenu. Kuingia Divisheni ya Kwanza kutoka huko kunadai wastani wa alama wa 2.5 kati ya 4 katika masomo yanayohamishika. Na yale madarasa ya mazoezi ya viungo ambayo mkimbiaji hujichukulia ili apate A za haraka, ni krediti 2 tu zake zinazohesabiwa. Nimewaona vijana wenye A sita za namna hiyo wakishangaa wastani wao umekwenda wapi.

Sasa lango la uhamisho, ambalo wanariadha wote huliita potali. Lilifunguliwa Oktoba 2018, na lilituondolea utumwa wa kumwomba kocha ruhusa ya kuzungumza na vyuo vingine. Unaiandikia ofisi ya kanuni ya chuo chako ndani ya kipindi kilichowekewa mchezo wako, nayo ina siku 2 za kazi kuingiza jina lako. Kabla jina halijaingia, kocha wa chuo kingine haruhusiwi kukushawishi, hata kupitia binamu yako aliye kwenye timu yake. Lakini usiliingie kwa hasira ya wiki moja. Ukishatoa taarifa, chuo chako kinaweza kukukatia skolashipu muhula unapoisha, na ukibadili nia hakilazimiki kukurudishia. Nafasi nazo zimebana: tangu msimu wa 2025, vyuo vilivyojiunga na ule mwafaka wa mahakamani kuhusu malipo ya wachezaji vina kikomo cha wakimbiaji 17 wa nyika na wanariadha 45 wa uwanjani. Mimi nilipoingia potali nilipata simu nne siku ya kwanza na nikajiona malkia. Wiki mbili baadaye ilibaki moja.

Kwetu sisi wa viza ya F-1, ile ya mwanafunzi wa kigeni, kuna faili la pili linalotembea sambamba na potali, na halihusiani na kocha hata kidogo. Ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya chuo cha zamani huweka tarehe ya kukuachilia katika SEVIS, mfumo wa serikali wa rekodi za wanafunzi wa kigeni; ikifika, chuo kipya ndicho chenye rekodi yako na ndicho kinachokupa I-20 mpya, ile fomu inayothibitisha kwamba umesajiliwa chuoni. Namba ya SEVIS hubaki ile ile. I-20 ya zamani usisafiri nayo tena baada ya tarehe hiyo, na masomo mapya lazima yaanze ndani ya miezi 5, kwa mzigo kamili, ambao kwa shahada ya kwanza ni krediti 12 kwa muhula.

Hapa ndipo mambo mawili hukutana. Ikiwa unahitaji madarasa ya kiangazi ili ufikishe asilimia, na unayasomea chuo cha zamani, tarehe ya kuachiliwa iwekwe baada ya madarasa hayo kuisha. Mwaka jana msichana mmoja kutoka upande wa Molo aliniuliza mwezi Aprili. Alikuwa amepungukiwa na krediti 6. Tulimwomba ofisa aweke tarehe 31 Julai badala ya 31 Mei, akasoma takwimu na biolojia, kisha akaenda nyumbani siku kumi, akarudi na I-20 mpya ndani ya mkoba wa mkononi, si kwenye sanduku, kwa sababu ofisa wa uwanja wa ndege huiomba kabla hujalifikia sanduku.