Muulize Shangazi Wakili: "Mkurugenzi anataka nirudishe tarehe nyuma"

Mwezi huu barua nyingi zimetoka kwa mawakili wenzangu, na wakili akiomba ushauri huandika kurasa nne kabla hajafika kwenye swali. Nimezipunguza bila huruma. Kwa mgeni wa safu hii: nilikuwa wakili wa ndani wa taasisi moja ya serikali hapa Kampala kwa miaka 22, nikastaafu, sasa nafuga kuku Jinja. Kiswahili changu ni cha kambi ya polisi ya Nsambya nilikokulia, kwa hiyo walimu wa sarufi wanivumilie.

Shikamoo Shangazi. Mimi ni afisa sheria katika mamlaka moja ya serikali, huu ni mwaka wangu wa pili. Tunakarabati ofisi yetu ya kanda, na kazi nzima ni shilingi milioni 340. Watu wa ununuzi wameigawa kuwa mikataba miwili, milioni 180 ya kuta na milioni 160 ya paa, na kampuni ni ileile. Jana jioni mkurugenzi aliniita, akafunga mlango, akaniambia niandike maoni kwamba mikataba hiyo haina haja ya kwenda kwa Solisita Jenerali. Anataka barua iwe na tarehe ya wiki tatu zilizopita, kabla ya kikao cha kamati ya mikataba. Anasema tukichelewa pesa zitarudi hazina tarehe 30 Juni. Mkataba wangu wa kazi unaisha Novemba na yeye ndiye atakayesaini fomu ya kuuongeza. Nina mtoto wa miezi mitano. Nifanye nini? (Afisa Sheria, Kampala)

Marahaba mwanangu. Tarehe usiirudishe. Nalitanguliza hili ili hata mtoto akilia ukaacha kusoma hapa, uwe umelipata.

Maoni ya kisheria yakiwa mabaya, ni makosa ya kazi, na kila wakili ana yake kabatini. Tarehe ya uongo ni kughushi, na anayeghushi hana pa kusema "nilidhani". Halafu haifichiki. Barua ina namba, namba imetoka masjala, na masjala kuna kitabu. Wakaguzi wa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu wakiingia, hufungua kitabu kile kabla hawajaifungua barua yako. Namba ya leo itakaaje kwenye ukurasa wa wiki tatu zilizopita? Itabidi umwombe karani wa masjala akuachie nafasi, na hapo tayari mko wawili kwenye kosa, mmoja wenu analipwa kidogo sana na hatanyamaza kwa ajili yako.

Sasa sheria yenyewe, ambayo naamini unaijua ila mlango ulipofungwa ikakutoka. Ibara ya 119 ya Katiba ya 1995 inasema mkataba ambao Serikali ni mhusika haufungwi bila ushauri wa kisheria wa Mwanasheria Mkuu, isipokuwa ile iliyosamehewa kwa sheria. Msamaha huo leo unaishia shilingi milioni 200. Ofisi ya Solisita Jenerali ndiyo inayotoa idhini kwa niaba ya Mwanasheria Mkuu. Mkurugenzi wako ameona 180 na 160, zote chini ya mstari, akafurahi. Lakini jengo ni moja, mkandarasi ni mmoja, fungu la bajeti ni moja. Sheria ya ununuzi wa umma ya 2003 inakataza kuligawa hitaji moja vipande kwa nia ya kukwepa viwango. Na nia mwanangu haitafutwi moyoni mwa mtu. Inaonekana kwenye anwani ya jengo na jina la kampuni.

Akikuambia "sisi ni mamlaka, si wizara, ibara hiyo haituhusu", mkumbushe kesi ya Nsimbe Holdings dhidi ya Mwanasheria Mkuu, iliyofunguliwa Mahakama ya Katiba mwaka 2006. NSSF, ule mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, ilikuwa imeingia ubia wa kujenga nyumba bila ushauri wa Mwanasheria Mkuu. Hoja ya kwamba mfuko ule si Serikali ilitolewa, ikaanguka, na makubaliano yakaonekana kuvunja Katiba. Kila wakili wa ndani mjini hapa amewahi kuinukuu kesi hiyo akiwa na jasho mgongoni.

Swali lako la kweli, naona, ni hili: mteja wako ni nani? Ukiwa chemba, yaani ofisi ya mawakili binafsi, mteja anaingia mlangoni, anakaa, analipa. Ukiwa ndani ya taasisi mteja haonekani. Anayeonekana ni mkurugenzi, ana gari, ana sekretari, anajua jina la mtoto wako. Ni rahisi kudhani yeye ndiye mteja. Mteja wako ni ile taasisi iliyoundwa kwa Sheria ya Bunge. Mkurugenzi ni mdomo wake kwa miaka mitano, kisha anakuja mdomo mwingine, na wa pili hupenda sana kusoma mafaili ya wa kwanza.

Nitakueleza yaliyonipata, ingawa binti yangu anasema hadithi hii nimeichosha. Mwaka wangu wa tatu kazini, mkubwa wetu wa wakati huo alinikuta kwenye ngazi (lifti yetu ilikuwa mbovu tangu siku niliyoajiriwa) akaniuliza habari za kuuza kiwanja cha taasisi. Nikamjibu palepale, ghorofa ya nne, nikihema: "Mimi naona si sawa, mzee, bodi haijakaa." Akacheka, akashuka. Kiwanja kikauzwa. Miaka miwili baadaye wachunguzi wakaja, naye akawaambia kwa utulivu kabisa, "Nilimuuliza wakili wangu." Kweli aliniuliza! Nilikaa mbele ya wale wachunguzi saa nne nikieleza maneno ya kwenye ngazi, yasiyo na karatasi wala shahidi, wakati yeye ana faili limejaa. Niliokoka kwa sababu dereva mmoja alikuwa akipandisha maboksi akatusikia. Dereva! Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na ushauri nao ni mali.

Tangu siku ile nilinunua kaunta buku. Kila mkubwa akinisimamisha koridoni, nikirudi mezani naandika tarehe, saa, alichouliza, nilichojibu. Kisha namwandikia dokezo fupi: "Kufuatia mazungumzo yetu ya leo asubuhi, nathibitisha kwamba…" Wengine walinuna. Mmoja aliniita Bi Nathibitisha hadi alipostaafu.

Basi leo, kabla hujalala, andika dokezo lako kwa tarehe ya leo. Usimtuhumu. Usitumie neno "ufisadi" wala "njama", maana ukimkasirisha kwa maneno atajibu maneno ataacha hoja. Andika kwamba ameomba maoni. Kwamba kazi zote mbili ni za jengo moja na jumla yake ni milioni 340. Kwamba kwa hiyo unashauri ziunganishwe na rasimu ya mkataba ipelekwe kwa Solisita Jenerali. Kwamba mkataba ukisainiwa bila idhini taasisi inaweza kujikuta na mkataba usiotekelezeka na mkandarasi anayedai. Ya tarehe usiyaandike kwenye dokezo. Mwambie kwa mdomo, kwa heshima: "Bosi, barua nitakupa leo, ila itakuwa ya leo." Kisha rudi kwenye kaunta buku.

Halafu, na hapa ndipo vijana wengi mnapokosea, usimwachie "hapana" peke yake. Mkubwa aliyeshikwa na Juni ni kama mtu anayekimbilia basi, mpe njia. Mafaili mengi hukaa kwa Solisita Jenerali kwa sababu yanakwenda nusu nusu, yanarudishwa na maswali, yanakwenda tena. Lipeleke likiwa zima: rasimu ya mkataba, uamuzi wa kamati ya mikataba, ripoti ya tathmini, tangazo la mzabuni bora likiwa limekaa ubaoni siku zake zote, uthibitisho kwamba pesa zipo. Liandikie barua ya kueleza haraka inatoka wapi. Lipeleke mwenyewe, usimpe mtu wa boda. Likishindikana kabla ya tarehe 30, kazi iingizwe kwenye bajeti ya mwaka unaofuata, na paa lililovuja miaka sita litavuja miezi mingine. Hakuna aliyewahi kuitwa mbele ya COSASE, kamati ya Bunge inayohoji mashirika ya umma, kwa sababu paa lilichelewa kihalali. Kwa milioni 340 zilizokatwa vipande viwili, wameitwa wengi.

Kuhusu Novemba siwezi kukudanganya. Anaweza asikuongezee. Mimi nilirukwa mara mbili kwenye kupanda cheo, na mara zote mbili najua ni dokezo gani lililonirusha. Nyumba yetu ililipa karo kwa shida miaka hiyo, mume wangu akiuza matofali. Kwa hiyo anza sasa kuweka akiba ya miezi mitatu, na lipia cheti chako cha uwakili kila mwaka hata kama ofisi inasema hukihitaji, kwa sababu kinaisha 31 Desemba bila kujali wewe unalala wapi. Wakili wa serikali mwenye cheti hai husema "hapana" kwa sauti tofauti kidogo.

Na akisaini kwa nguvu pamoja na dokezo lako? Kwanza katibu wa bodi. Mlango huo ukifungwa, ipo Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa ya 2010, na Inspekta Jenerali wa Serikali, yule tunayemwita IGG, ni mmoja wa wanaopokea taarifa hizo. Usianzie huko. Mara nyingi dokezo likishaingia kwenye faili, mwenye haraka hupungukiwa na haraka.

Shangazi, niko chemba hapa Tororo miaka minne, nimeitwa kwenye usaili wa mamlaka moja ya serikali. Mshahara ni mara mbili. Mke wangu anaogopa, anasema hizi mamlaka zinafutwa. Niende? (Baba Kato)

Mkeo anasoma magazeti, mshukuru. Baraza la Mawaziri liliamua mwaka 2018 kupunguza na kuunganisha taasisi, na mwaka 2024 Bunge likapitisha miswada yake. Mamlaka ya Barabara, iliyoundwa kwa sheria ya 2006, ikarudishwa Wizara ya Ujenzi. Ile ya Kahawa, baada ya kelele nyingi bungeni, ikaenda Wizara ya Kilimo. Mawakili waliokuwa humo walikuwa wazuri, na uzuri wao haukuzuia kitu.

Hata hivyo mimi ningekwenda. Omba nakala ya mkataba kabla ya kujiuzulu chemba, usome kipengele cha kuvunjwa kwa taasisi, kiinua mgongo kinalipwa lini, na notisi ni ya miezi mingapi. Uliza pia jambo ambalo hakuna anayeuliza kwenye usaili: je, taasisi hiyo inashtaki na kushtakiwa kwa jina lake? Ikiwa ndiyo, utasimama mahakamani. Ikiwa iko chini ya wizara, kesi ni za Mwanasheria Mkuu. Vijana wake ndio watakaosimama, wewe utawabebea mafaili, utawatafutia mashahidi, utapiga simu kumi kuuliza utetezi umepelekwa ndani ya siku 15 au la. Kazi hiyo ni ya maana, ila mtu aliyezoea joho humla moyo.

Utaijua sheria moja, ile ya taasisi yako, kama unavyoijua njia ya chooni usiku. Zingine zitapata kutu. Na ukifikiria kuendelea na wateja wako wa Tororo siku za Jumamosi, jibu ni hapana, hata kesi ya mpaka wa shamba la mjomba. Siku moja mjomba atakuwa na kesi na mwajiri wako.

Mama, gari la taasisi ya serikali liligonga boda yangu mwaka jana mwezi wa tatu. Wanasema nisubiri, wakili wao anashughulikia. (Mwenye Boda, Jinja)

Nilikuwa wakili wao, kwa hiyo nisikilize. Madai yakifika mezani kwetu, kitu cha kwanza tulichotazama ni kalenda. Kwa madhara ya namna hiyo dhidi ya Serikali, halmashauri, au shirika lililotajwa kwenye jedwali la sheria husika, una miaka miwili tu ya kufungua kesi, na "subiri" haiisimamishi hata siku moja. Tuma notisi ya maandishi kwamba unakusudia kushtaki. Mahakama ya Rufaa ilishasema, katika kesi ya Kabandize na wenzake dhidi ya KCCA (Mamlaka ya Jiji la Kampala), kwamba kukosa notisi peke yake hakuui kesi, lakini itume, ipigwe muhuri wa kupokelewa, ubaki na nakala. Chukua ripoti ya polisi wa trafiki na risiti za hospitali, uende kwa wakili wiki hii. Ukipita hapa kwangu kwanza, njoo asubuhi, mchana nawalisha kuku.