Jibu: LL-37 haiui E. coli kwenye sahani ya vishimo 96

Habari mkuu. Nimekuelewa: LL-37 yako, peptidi (kipande kifupi cha protini) inayoua bakteria, ni mpya, bakteria wa E. coli ni wale wa kawaida wa maabara, lakini asubuhi vishimo vyote vimechafuka kama maji ya mchele, yaani bakteria wameota.

Kabla hujamlaumu muuzaji, geuza sahani usome imeandikwa nini. Kama ni PS, yaani polistaireni, anzia hapo. Peptidi hii, ambayo ngozi na chembe nyeupe zetu huitengeneza, ina chaji ya +6 na hunata kwenye plastiki hiyo. Kila ukizimua, kinachobaki ni pungufu ya ulichoandika daftarini. Mimi hutumia PP, polipropileni, hadi mirija, na huzimulia kwenye asidi asetiki 0.01% yenye albumini ya ng'ombe (protini ya damu) 0.2%.

Halafu angalia mchuzi wa kuoteshea. Chaji hiyo ndiyo inayoivuta peptidi kwenye utando wa bakteria. Chumvi, kalsiamu na magnesiamu huingilia kati. Ukiongeza seramu, yaani majimaji ya damu, ndiyo kabisa.

Weka na polimiksini B, antibiotiki inayoua E. coli, pembeni kwa kulinganisha: ikiua, tatizo si bakteria wako. Na hukusema, unga wa peptidi uliuyeyusha kwenye nini?