Wakili wa mtandaoni: mtazame anayeuliza kabla ya anayetaja bei

Mwaka juzi jirani yetu kule Kiwira alisogeza mpaka, akameza safu mbili za miparachichi aliyotuachia baba. Mimi niko Mwanjelwa, Mbeya mjini, nina duka, na kuzunguka ofisi za mawakili kuuliza bei nisingeweza. Rafiki akanionyesha tovuti ambako unaandika shida yako, mawakili wanashindania kazi kwa kutaja ada. Usiku uleule nikamwaga kila kitu: kijiji, jina la jirani, hata kwamba baba hakuacha karatasi ya mauziano.

Kosa hilo linaniuma mpaka leo. Tangazo kama lile linasomwa na watu usiowajua, na yeyote kati yao kesho anaweza kuwa wakili wa mpinzani wako. Andika aina ya mgogoro, wilaya, ukubwa wa shamba na hatua mliyofikia. Majina na udhaifu wako mwambie wakili ukishamchagua.

Kulipokucha nilikuta majibu tisa. Nikamchukua wa bei ya chini, shilingi 150,000, yuko Dar es Salaam. Kumbe hela ile ni ya barua ya madai peke yake! Kuja Tukuyu, makao makuu ya wilaya lilipo shamba, ni nauli, malazi na posho, kila safari. Sikuuliza, naye hakuandika. Kwa hiyo dai maandishi: ada hii inaishia wapi, nauli ni ya nani, shauri likiahirishwa inakuwaje. Ada za mawakili zina kanuni zake za mwaka 2015. Ukiona bei imeshuka mno, uliza ni kazi gani iliyopunguzwa.

Katika wale tisa, mmoja wa hapahapa Mbeya hakutaja bei kabisa. Aliandika mstari mmoja: "Dada, mmeshapita baraza la kata?" Nikampuuza, nikadhani hana haja na kazi. Tangu 2021 baraza la kata haliamui tena migogoro ya ardhi. Linasuluhisha, limepewa siku 30, na bila cheti chake kwamba usuluhishi umeshindikana, Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya halisikilizi shauri lako, isipokuwa siku hizo 30 zimepita bila suluhu. Yule wa 150,000 alikuwa ameshanipangia kesi wilayani.

Nikamrudia huyu aliyeuliza. Kabla sijalipa nililitafuta jina lake kwenye e-Wakili, mfumo wa Mahakama ya Tanzania, nikakuta leseni yake iko hai. Usiruke hatua hiyo hata kama mtu amejaa nyota na sifa za wateja.

Kwa kuwa wakili haruhusiwi kukusimamia kwenye baraza la kata, aliniandalia maelezo ya ukurasa mmoja, akasisitiza niende na shangazi, aliyekuwepo baba akinunua. Wajumbe walipokuja shambani, shangazi alivua kandambili, akashuka kwenye mfereji wa zamani uliofunikwa na majani, akautembea mwanzo hadi mwisho. Jirani aliutazama kimya. Jioni tulitia saini, mpaka ukarudi mferejini.