Kwa mnaoanza kusoma saa ya mwili: ulizeni kwanza ni saa ngapi

Wengi wanaoingia kwenye somo hili huanza kwa kukariri molekuli zinazobeba ujumbe kati ya seli za neva: glutameti kazi yake hii, PACAP kazi yake ile, VIP nayo ina yake. Nawasihi msianze hivyo. Hapa molekuli ileile huleta matokeo yanayopingana kutegemea imefika saa ngapi, na asiyelishika hilo mapema atasumbuka na kila makala atakayosoma.

Ufuateni mwanga wenyewe. Katika retina, mbali na seli tunazotumia kuona, kuna seli chache za neva zenye melanopsini, protini ambayo Ignacio Provencio na wenzake waliitangaza mwaka 1998 baada ya kuikuta kwenye seli za rangi za ngozi ya chura. Huitikia zaidi mwanga wa buluu, wa nanomita 480 hivi. Nyuzi za seli hizo huenda moja kwa moja hadi haipothalamasi, sehemu ya chini ya ubongo, juu kidogo ya mahali neva za macho zinapokutana, kwenye mafungu mawili yenye seli 10,000 hivi kila moja. Hiyo ndiyo SCN, saa kuu ya mwili. Ndiyo maana wapo watu wasioona kitu ambao saa zao bado hufuata jua. Walioondolewa macho yote mawili wengi wao usingizi husogea siku hadi siku, kwa kuwa saa ya binadamu ikiachwa peke yake huzunguka kwa zaidi kidogo ya saa 24.

Kwenye SCN nyuzi hizo humwaga glutameti pamoja na PACAP. Glutameti hufungua vipokezi vya NMDA, kalsiamu huingia ndani ya seli, protini CREB huamshwa, na jeni Per1 huanza kusomwa. PACAP hurekebisha nguvu ya ujumbe huo. Uchoreni mnyororo huu kwa mkono, kisha juu yake andikeni saa. Mwanga ukija mapema usiku, saa ya mwili hurudi nyuma. Ukija usiku wa manane kuelekea alfajiri, husogea mbele. Mchana mwanga karibu haufanyi lolote. Mwaka 1994 maabara ya Martha Gillette, Illinois, ilidondosha glutameti kwenye vipande vya ubongo vilivyotengwa, visivyo na jicho wala mwanga, na matokeo yakawa hayohayo: mapema usiku kurudi nyuma, baadaye kusonga mbele. Nalipenda jaribio hili kuliko yote, maana linaonyesha kwamba uamuzi uko ndani ya SCN yenyewe.

Kwa hiyo kila kipimo kiandikieni saa. Maabara huhesabu tangu taa zinapowashwa: ZT0 taa zinawaka, ZT12 zinazimwa. Sisi tuliozoea kuhesabu saa tangu kunapokucha tuna nafuu, kwani taa zikiwashwa saa 12 asubuhi, ZT2 ni saa 2 asubuhi na ZT14 ni saa 2 usiku. Panya akikaa gizani mfululizo hesabu hiyo haifai tena. Hapo tumieni CT, inayopimwa kwa mwenendo wake mwenyewe: CT12 ni pale anapoanza kukimbia kwenye gurudumu lake. Na mlango wa chumba cha giza ukifunguliwa CT14, hata kwa dakika chache, hilo tayari ni jaribio jingine.

VIP msiipite haraka. Si seli zote za SCN zinazopokea nyuzi za jicho. Zile zinazopokea, nyingi zikiwa na VIP, ndizo huwapasha habari wenzao. Panya wasio na VIP, au wasio na kipokezi chake VPAC2, seli zao huacha kwenda pamoja, na mwenendo wao gizani huvurugika.

Kuhusu melatonini, homoni ambayo wageni wengi huidhania ndiyo mjumbe wa mwanga: hutolewa usiku kwa amri ya SCN, na mwanga huizuia. Inaweza kurudi na kuisogeza saa, lakini taarifa ya mwanga haipitii kwayo. Panya wa ukoo wa C57BL/6, wanaotumika sana maabara, hutengeneza melatonini kidogo mno, na bado mwanga wa usiku huzisogeza saa zao vizuri kabisa.